Mimea ya Nyumbani Bukavu: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara

Nimefanya kazi ya uuguzi hapa Bukavu kwa zaidi ya miaka 20, na mama aliyenizaa kule Kabare alikuwa mtu wa majani: nyumba yake haikukosa fungu la mubirizi limening'inia juu ya jiko. Ndiyo maana watu huniuliza kutoka pande zote mbili. Wengine wanataka niwaambie kwamba miti ni upuuzi, wengine wanataka niwaambie kwamba vidonge ni sumu. Siwezi kusema lolote kati ya hayo mawili. Majani yana kazi yake nyumbani, nayo ni kazi ndogo ya kila siku: koo linalowasha, tumbo lililojaa gesi, usingizi unaochelewa. Yakipewa kazi kubwa kuliko hiyo, ndipo tunapozika watu. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa kanisani, sokoni, na mlangoni kwangu jioni.

Nianze na mimea ipi?

Michache. Mtu akianza na mimea ishirini hataijua hata mmoja. Mimi ningekuambia uanze na sitroneli (ndiyo mchaichai), tangawizi, kitunguu saumu, lumbalumba (aina ya mrihani) na ndimu. Yote hii inaliwa, na hilo ndilo jambo la kwanza ninalolitazama. Mmea ambao watu wetu huutia kwenye chai au mchuzi kila siku una historia ndefu ya kutomdhuru mtu kwa kiasi cha jikoni. Mti unaotumika kwa dawa peke yake unahitaji mwalimu.

Nitajuaje kwamba mmea nilio nao ndio wenyewe?

Hapa ndipo penye hatari kubwa, kwa hiyo nivumilie nikiongea kwa urefu.

Bukavu ni mji wa watu waliotoka sehemu nyingi. Mshi ana jina lake, Mrega ana lake, Mhavu ana lake, na jirani aliyekulia ng'ambo ya mto Ruzizi ana lingine. Jina moja linaweza kuwa la mimea miwili tofauti, na mmea mmoja unaweza kuwa na majina matano. Nimewahi kuona mama wawili wakibishana kwenye foleni ya kupima watoto, kila mmoja ana tawi mkononi, na kila mmoja anasema lake ndilo la kweli kwa jina lile lile. Matawi yale hayakufanana hata kidogo.

Usipokee mmea kwa jina tu. Mwambie anayekupa akuonyeshe ukiwa umesimama ardhini, na maua yake kama msimu wake umefika. Usugue jani vidoleni unuse. Mulavumba, kwa mfano, harufu yake hukaa mkononi hata baada ya kunawa, na jani lake ni zito kidogo, lina vinyweleo. Ukishaunusa mara tatu huwezi kudanganywa. Jifunze mmea mmoja kwa mwezi. Na kama una shaka hata kidogo, usichemshe.

Kuna mimea ya hapa mjini ambayo ni sumu kabisa?

Ipo, na mingine iko kwenye uzio wa nyumba yako. Ule wenye maua marefu meupe au ya manjano yanayoning'inia kama tarumbeta ni wa kuogopwa kuanzia ua hadi mbegu. Ukimezwa, mtu huona vitu visivyokuwepo, moyo humwenda mbio, mdomo hukauka, na anaweza kufa. Mbegu za mbarika nazo ni nzuri machoni, zina madoadoa, watoto huzichezea kama shanga. Wafundishe mapema wasizitafune.

Nichemshe au niloweke tu?

Jani laini na ua: mimina maji yaliyochemka juu yake, funika, ngoja dakika 5 hadi 10. Kufunika ni lazima. Harufu unayoisikia ikipanda na mvuke ndiyo sehemu ya dawa inayokukimbia. Mzizi na gome: chemsha kwa moto mdogo dakika 10 hadi 20, kwa sababu ni vigumu na havitoi kitu kwa haraka. Tangawizi iko katikati. Ukiiponda, dakika 10 zinatosha.

Sufuria ya aluminiamu iliyochakaa siipendi kwa vitu vichungu au vyenye ndimu. Ya chuma kisichoshika kutu au ya emaye ni bora.

Kipimo ni kipi? Kila mtu ananiambia "kiasi".

"Kiasi" ndilo neno linalonitia wasiwasi kuliko yote. Kwa mimea ya jikoni niliyoitaja juu, mtu mzima aanze na kijiko kidogo cha majani makavu, au kijiko kimoja kikubwa cha mabichi yaliyokatwakatwa, kwa kikombe kimoja cha maji. Vikombe viwili au vitatu kwa siku. Kama baada ya siku tatu hujaona nafuu, tatizo lako si la kikombe tena, nenda kituo cha afya.

Na kitu kimoja kwa wakati mmoja. Watu huchanganya majani saba kwenye sufuria moja, halafu mwili ukitoka vipele hakuna anayejua ni jani lipi.

Ninunue wapi?

Soko la Kadutu lina mama wanaouza majani mabichi asubuhi, wakiyafunga mafungu kwa kamba ya mgomba. Nyawera pia wapo. Mimi nina mama mmoja ninayemwendea kila mara, na sababu ni hii: siku ya kwanza nilipomuuliza lumbalumba, hakuniambia bei. Alichuma jani moja, akalivunja chini ya pua yangu, akasema, "Sikia kwanza." Kisha akaniambia limetoka bondeni upande wa Nyangezi na limekatwa jana jioni. Muuzaji anayejua jani limetoka wapi na limekatwa lini, huyo mshike.

Kataa majani yenye ukungu, yenye madoa meusi, yaliyogeuka rangi ya tumbaku. Kataa unga ambao huwezi kujua umesagwa kutokana na nini. Na usichume kando ya barabara kubwa wala kwenye mitaro ya maji machafu, hata kama jani ni la kijani namna gani. Moshi wa magari na maji ya vyoo havioshwi kwa kusuuza.

Sina shamba, ninaishi kwenye kiwanja kidogo cha mlimani. Naweza kupanda?

Unaweza. Kata bidoni ya lita 20 katikati, toboa chini matundu manne au matano, tia changarawe kidogo, kisha udongo uliochanganywa na mbolea ya maganda. Sitroneli hupendeza humo. Nunua shina sokoni lenye kitako, lisimamishe kwenye maji hadi litoe mizizi, kisha lipande. Tangawizi hukubali mfuko wa saruji wa zamani. Lumbalumba hukua haraka hadi inachosha, kwa hiyo ikate mara kwa mara.

Faida ya pili ya sitroneli kwetu wa milimani ni mizizi yake: hushika udongo. Kila mvua ya Septemba hadi Mei tunaona ardhi ikitelemka, na mstari wa sitroneli kwenye ukingo wa kiwanja ni msaada mdogo ambao haugharimu kitu. Haitazuia mlima unaoanguka, lakini itazuia ule udongo wa juu unaochukuliwa kidogo kidogo.

Kikohozi na mafua: unatengeneza nini nyumbani kwako?

Kipande cha tangawizi chenye urefu wa kidole gumba, nikioshe, nikiponde na ganda lake. Nakitia kwenye maji ya vikombe viwili, nachemsha dakika 10. Naepua. Hapo ndipo naweka majani mawili ya sitroneli yaliyofungwa fundo na kufunika. Yakipoa kiasi cha kunyweka natia ndimu nusu na kijiko cha asali. Asali na ndimu hazichemshwi nami kamwe, hazihitaji moto. Rangi yake huwa ya manjano hafifu, na kooni inachoma kidogo kisha inatulia.

Hii haiui mafua. Mafua huondoka yenyewe kwa siku saba hadi kumi. Inachofanya ni kulainisha koo, kukupa maji mwilini na kukuacha ulale.

Mtoto ni habari nyingine. Hesabu pumzi zake akiwa ametulia, kwa dakika moja nzima, ukitazama saa ya simu. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi, au wa mwaka 1 hadi 5 akipumua mara 40 au zaidi, au ukiona mbavu zikizama ndani kila anapovuta hewa, acha kikombe mezani na uende kituoni sasa hivi. Hiyo inaweza kuwa nimonia. Kikohozi cha wiki mbili na zaidi kwa mtu mzima, hasa kikiwa na jasho la usiku na kukonda, kinataka kipimo cha kifua kikuu.

Na asali kwa mtoto mchanga?

Hapana, kabla hajatimiza mwaka mmoja. Asali safi kabisa inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mpaka ashindwe kupumua.

Kujifukiza kwa mikaratusi kunafaa?

Kunafungua pua, ndiyo. Lakini nimefunga bandeji nyingi za watoto waliomwagikiwa na sufuria ya kufukizia kuliko nilivyoona watu waliopona kwa sababu yake. Mtoto asiwekwe chini ya blanketi na maji ya moto, hata ukiwa umemshika. Mtu mzima aweke beseni mezani, si mapajani, ajifunike taulo, afumbe macho, dakika 5 zinatosha. Mafuta ya mikaratusi ya kwenye chupa hayanywewi kabisa; kiasi kidogo tu kinaweza kumtia mtoto degedege.

Na mbabula (jiko la makaa) isiingizwe ndani wakati madirisha yamefungwa, hata usiku wa baridi. Hewa ya makaa haina harufu, na familia nzima inaweza isiamke.

Kuhara: majani ya mpera yanatibu?

Majani ya mpera yana tanini, kitu kile kinachokausha ulimi ukitafuna jani bichi, na watu wazima wengi hupata nafuu ya tumbo kwa kunywa maji yake. Silikatai jani hilo. Ninachokataa ni kulitanguliza.

Dada yangu mdogo alikuwa na mtoto wa mwaka na nusu. Alipoanza kuhara, mtu wa familia aliwapa maji ya gome, kijiko kimoja kila saa, akawaambia wasimnyweshe kitu kingine ili dawa isipungue nguvu. Walimleta kwangu usiku wa pili. Macho yalikuwa yameingia ndani. Nilipobana ngozi ya tumbo lake na kuiachia, ilibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Alilia bila machozi. Tulimfikisha hospitali, akawekewa seramu, akapona, na leo yuko shule. Gome lile huenda halikuwa sumu. Kilichotaka kumuua ni yale maji aliyonyimwa.

Kwa hiyo kwanza maji. Pakiti ya SRO (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) ikiwepo, ifuate kama ilivyoandikwa. Isipokuwepo: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Onja, isizidi chumvi ya machozi. Mpe kidogo kidogo, akitapika ngoja dakika 10 uendelee. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Kituoni ataongezewa zinki ya siku 10 hadi 14. Na kuhara kwa maji meupe kama ya mchele ni kipindupindu mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Sisi wa kando ya Ziwa Kivu tunakijua; hakingojei jani lichemke.

Je, chai ya artemisia inatibu malaria? Jirani yangu anaipanda.

Ninaulizwa swali hili kuliko yote, na ninalijibu kwa heshima kwa sababu wanaouliza wana sababu. Dawa hukosekana, pesa hukosekana, na mmea uko pale nyuma ya nyumba.

Ukweli wenyewe ni huu. Ndani ya artemisia mna dawa ya kweli. Mwaka 1972 mtafiti wa China, Tu Youyou, na wenzake waliitenga artemisinini kutoka mmea huo, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Vidonge tunavyopewa kituoni kwa malaria ya kawaida vinatoka kwenye ukoo huo. Kwa hiyo jirani yako hajaota ndoto.

Lakini kikombe si kidonge. Jani la shamba hili lina kiasi chake, la shamba lile lina kingine, la msimu wa mvua na la kiangazi hayafanani. Artemisinini hutoka mwilini kwa saa chache tu. Ndiyo maana kwenye kidonge imefungwa pamoja na dawa ya pili inayokaa muda mrefu zaidi na kumaliza vimelea vilivyobaki. Chai huangusha homa, unashukuru Mungu, unarudi kazini, halafu vimelea vilivyojificha vinaamka. Kwa mtu mzima ni kuumwa upya. Kwa mtoto wa miaka miwili inaweza kuwa malaria ya ubongo. Zaidi ya hapo, vimelea vinavyoonja dawa kidogo kidogo hujifunza kuishi nayo, na tukiipoteza dawa hii hatuna nyingine kama hiyo mfukoni. Shirika la Afya Duniani limesema wazi, hata mwaka 2019, kwamba haliungi mkono kutumia mmea wenyewe kutibu wala kuzuia malaria.

Bukavu tunapaswa kuelewa jambo hili haraka kuliko miji mingine, kwa sababu tunaishi na mfano wake. Kinkina, mti uliotoka milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, ulipandwa katika vilima vyetu, na kiwanda cha Pharmakina kimekuwa kikitoa kwinini kutoka kwenye gome lake hapa hapa mjini. Kwinini ilitengwa kutoka kwenye gome hilo mwaka 1820. Toka hapo daktari aliweza kupima miligramu kwa uzito wa mgonjwa. Gome ni lile lile, kilichoongezeka ni kipimo.

Homa ikishika, pima. Kile kipimo cha haraka cha tone la damu hutoa jibu ndani ya nusu saa. Ukikutwa na malaria, meza dawa mpaka mwisho. Chai ya sitroneli unaweza kunywa pembeni, kwa sababu mgonjwa anahitaji maji.

Mubirizi unaua minyoo?

Mubirizi ni mchungu hadi kwenye mifupa, na uchungu huo si bure. Watafiti waliokuwa wakifuata sokwe wa Mahale, upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika, waliona sokwe mgonjwa akimenya tawi la mmea huu na kutafuna kiini chake, ingawa si chakula chao cha kawaida. Wazee wetu wa Bushi hawakufundishwa na sokwe wala sokwe na wazee, lakini wote walifika kwenye mmea mmoja. Hilo hunifurahisha kila ninapolifikiria.

Hata hivyo, minyoo ya mtoto itibiwe kwa kidonge kinachogawiwa kwenye kampeni. Ni kimoja, kinajulikana, kinatosha. Mubirizi kidogo kwa mtu mzima ili kuamsha hamu ya kula, sawa. Mwenye ugonjwa wa sukari awe mwangalifu, kwa kuwa unaweza kuishusha sukari zaidi ya dawa anayomeza.

Silali usiku. Kuna jani la usingizi?

Miaka hii wengi hatulali, na sote tunajua kwa nini. Mtu aliyesikia milio ya risasi usiku, au ambaye hajui ndugu yake yuko wapi, siwezi kumwambia kwamba kikombe kitamtuliza.

Ninachoweza kusema ni kwamba sitroneli ya moto saa moja kabla ya kulala, simu ikiwa imezimwa, na mtu wa kuongea naye hata dakika 15, vimewasaidia wengi ninaowajua. Acha chai ya majani na kahawa kuanzia saa tisa alasiri. Kama wiki zinapita, chakula hakipiti, na mawazo ya kutotaka kuishi yanakuja, tafadhali njoo kituoni useme. Tuna watu waliofundishwa kusikiliza. Siyo aibu na siyo mapepo.

Nina tansio (shinikizo la damu). Niache vidonge ninywe rosela?

Usiache. Ua jekundu la rosela linaweza kushusha tansio kidogo, na chai yake bila sukari ni kinywaji kizuri kuliko soda. Lakini "kidogo" haitoshi kwa mtu mwenye 180. Tansio haiumi, ndiyo hila yake: unaacha vidonge, unajiona mzima, kisha siku moja upande mmoja wa mwili hauamki. Kunywa rosela yako pamoja na vidonge, pima kila mwezi, mwambie daktari. Yeye ndiye atakayepunguza, kama kuna cha kupunguza. Na chumvi ya samaki waliokaushwa itazame zaidi kuliko unavyotafuta jani.

Mimi ni mjamzito.

Tangawizi kidogo kwenye chai kwa kichefuchefu cha asubuhi, hiyo ndiyo ninayokuruhusu bila kusita. Mengine yote, uliza kwanza. Maji ya shubiri usinywe. Mubirizi usinywe.

Na dada yangu, kuna "dawa ya kuharakisha uchungu" ambayo huletwa kwenye chupa ndogo na mtu anayekupenda. Usiinywe. Baadhi ya miti hiyo hubana tumbo la uzazi kwa nguvu isiyo na kipimo, mtoto anakosa hewa, na tumbo lenyewe linaweza kupasuka. Nimekuwepo. Hii si desturi ya kulinda, hata kama aliyeileta ni mama mkwe na unamheshimu. Mpokelee kwa mikono miwili, mshukuru, usinywe.

Mtoto mchanga ana gesi. Maji ya majani kidogo?

Hadi miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake. Hata maji matupu hapana. Mweke begani, msugue mgongo, mkunje miguu taratibu kuelekea tumboni.

Na lavema, nawasihi. Ile pampu ya mpira iliyojazwa maji ya miti, pilipili au tangawizi, na kupitishwa nyuma ya mtoto "ili atoke uchafu", inachubua utumbo, inamkausha maji, na dawa inaingia kwenye damu moja kwa moja. Mtoto mwenye afya hana uchafu wa kutolewa.

Na kusafisha damu? Kusafisha ini?

Ini na figo hufanya kazi hiyo usiku na mchana. Kunywa maji, punguza pombe. Basi.

Kidonda kidogo au kuungua, nipake nini?

Kuungua: maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kabla ya kitu kingine chochote. Si dawa ya meno, si mafuta ya mawese, si yai. Baadaye, kama ngozi haijachubuka, ute mweupe wa shubiri unapoza vizuri. Katakata jani, liache lisimame ili ule utomvu wa manjano udondoke kwanza, kwa sababu huo unawasha ngozi na ukinywewa unaharisha vibaya.

Kitovu cha mtoto kiachwe kikavu na safi, kipakwe tu kile ulichopewa kituoni. Jani wala majivu visikiguse.

Kitunguu saumu nile kibichi kila siku?

Punje moja kwenye chakula haina neno. Ila ukimeza dawa za kufanya damu isigande, au ukingojea upasuaji, punguza na umwambie daktari, kwa sababu kikizidi kinachelewesha damu kuganda. Walio kwenye dawa za VVU nao wasimeze kitunguu saumu kingi wala mti wowote kama dawa bila kuuliza. Miti mingine huzidhoofisha dawa zile.

Daktari atanikasirikia nikimwambia nimekunywa miti?

Wapo wanaokasirika, na hilo ni kosa letu sisi wa koti jeupe. Tumewafundisha wagonjwa kutuficha. Mwambie hata hivyo. Ikiwezekana, chukua tawi lenyewe kwenye mfuko uje nalo. Limewahi kuniokolea saa nzima ya kubahatisha.

Yule anayeuza chupa moja inayotibu magonjwa arobaini?

Muulize ndani mna nini. Akishindwa kutaja mmea, au akisema ni siri ya babu, mrudishie chupa yake. Baadhi ya chupa hizo huwekwa vidonge vilivyosagwa, na ndiyo maana zinaondoa maumivu siku hiyo hiyo na kuharibu tumbo mwezi ujao.

Majani yangu yanaota ukungu. Nayakaushaje?

Bukavu ina unyevu miezi tisa ya mwaka, kwa hiyo usisubiri jua. Jua kali lenyewe hula harufu. Funga mafungu madogo, si makubwa kuliko unavyoweza kuzungushia vidole viwili, yaning'inize kivulini penye upepo, mbali na moshi wa jiko. Koko zetu, yaani bibi zetu, waliyaweka juu ya jiko kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pakavu, lakini moshi huacha ladha yake na masizi yake. Yakivunjika kwa mlio ukiyakunja, yamekauka. Yatie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, andika jina na mwezi. Ukipita mwaka, mwaga. Juni hadi Agosti ndio msimu wangu wa kujaza chupa.

Mama yangu ni mzee na anajua miti mingi. Nianzeje kujifunza kwake?

Anza Jumamosi hii. Nunua daftari gumu. Mchukue mama, mtembee polepole shambani, na kila anapoonyesha mmea chuma tawi moja lenye ua, ulilaze kati ya karatasi za gazeti chini ya kitu kizito. Wanaotafiti mimea huko Lwiro nao huihifadhi hivyo hivyo, imekaushwa na kubandikwa kwenye karatasi. Andika jina kwa lugha yake, kisha majina mengine anayoyajua. Andika ni sehemu gani inayotumika, kiasi gani, kwa siku ngapi, na nani hapaswi kuutumia. Swali hili la mwisho wengi hawaliulizi, na wazee wana majibu yake. Muulize pia ni lini mti huo ulishindwa.

Mama yangu alinifundisha mimea kumi na mmoja vizuri. Wa kumi na mbili ulikuwa ule aliotupaka magotini tulipoanguka, uliota kando ya chemchemi chini ya nyumba yetu, jani lake lina manyoya meupe upande wa chini. Sikumuuliza jina. Nilirudi kuutafuta mwaka aliofariki, na pale kwenye chemchemi palikuwa pameshajengwa.